Kibuyu cha Mzee Tawete

Upepo wa Mafinga haubishi hodi. Onorata Mgongolwa hajamaliza hata kuvua viatu, ulikuwa umeshaingia naye ndani ya Nyumba ya Mwendelezo, ukawa unavuta pazia, unalirudisha, unalivuta tena, kama mtoto aliyekatazwa kutoka nje.

"Kaa tuli, mama," alisema Mwinyihija, fundi wa vichwa. Alikuwa mtu wa pwani, mwaka wa ngapi huu yuko nyanda za juu, na bado alivaa sweta mbili. "Kichwa kikicheza, kumbukumbu inaingia upande."

"Mimi si kuku wa kuatamia, mwanangu. Nikikaa tuli roho inanipanda kooni."

"Basi vidole vicheze. Kichwa kitulie."

Onorata akatoa rozari mfukoni, akaviacha vidole vicheze na punje zake. Fundi alimvika ile kofia ya nyuzi, nyepesi kama utando wa buibui, baridi kama umande. Kando ya kiti, juu ya kigoda, kilikaa kibuyu chenyewe. Jina lake la kitaalamu lilikuwa refu, halitamkiki, lakini watu walikiona kina tumbo na shingo wakakiita kibuyu, na jina likakaa. Kilikuwa cha kioo kilichooteshwa, si cha kupulizwa, na ndani yake kitu cheupe kama maziwa ya mgando kilikuwa kikipumua taratibu. Hicho cheupe kilikuwa akili ya Rais, iliyokamuliwa Ijumaa iliyopita kama inavyokamuliwa kila Ijumaa, isije ajali ikamkuta akafa nayo.

Nchi nyingine huchagua mgombea mwenza kama mtu anavyochagua tairi la akiba. Katika Shirikisho, tangu ipite Sheria ya Mwendelezo, mtu alichagua mwenza kama anavyochagua mahali pa kuzikwa. Rais akifa, mwenza wake huingia chumbani peke yake na kile kibuyu, huvaa kofia, na akili ya marehemu humiminwa kichwani mwake. Hutoka watu wawili katika ngozi moja. Wananchi waliitaka sheria hiyo wenyewe, walipochoka na viongozi wanaokufa na ahadi zao, na warithi wanaosema, "Hilo aliahidi yeye, mimi sikuwepo." Sasa hakuna aliyeweza kusema hakuwepo.

Kesho, uwanjani, Rais Rwezimula angetangaza nani atagombea pamoja naye. Wazee wa chama walikuwa wameshabishana mpaka sauti zikawakauka, na jina lililobaki lilikuwa moja. Mbunge Onorata Mgongolwa, mjane, Mhehe, mtu wa watu. Lilibaki jambo moja tu la kisheria, nalo ni kuonja. Mwenza huonjeshwa siku moja ya maisha ya mgombea, siku anayoichagua mwenyewe, ajue ni chakula gani atakuja kukimeza.

"Umechagua siku gani, mama?"

"Maziko ya Mzee Tawete."

Mkono wa fundi ulisita kidogo juu ya shingo ya kibuyu, kisha ukaendelea.

Mzee Ladislaus Tawete, Mngoni, ndiye aliyekuwa Rais kabla ya Rwezimula, na Rwezimula ndiye aliyekuwa mwenza wake. Kwa Onorata alikuwa zaidi ya Rais, alikuwa mtani. Wahehe na Wangoni walipigana zamani hadi wakachoka, na walipochoka wakaona heri watukanane kwa kicheko kuliko kuuana. Miaka yote Onorata hakuwahi kumwamkia Mzee kwa shikamoo. Alikuwa akimkuta amesinzia kitini baada ya chakula, anamkoromea, "Wee Mngoni! Nani kakupa ruhusa ya kulala mchana?" Na Mzee, kabla hajafumbua macho, anajibu. "Nawalinda mbwa wangu, Wahehe wasije wakawala." Siku nyingine, "Nimelala niote mwanamke wa Kihehe aliyenyamaza." Hakurudia jibu hata mara moja.

Alipofariki, Onorata alifanya kazi yake ya mtani. Jeneza lilipotoka kanisani alijitupa chini, akalala kuikata njia, akakataa maiti isipite mpaka akombolewe kwa kupewa kitu. Kisha akapiga kelele maneno yale yale, nani kakupa ruhusa, akimtazama Rwezimula aliyekuwa ametoka katika chumba cha kibuyu jana yake. Rwezimula alikuwa kimya. Watu wakasema, uchungu huo.

Tangu siku hiyo Onorata hakumtania tena. Hakwenda Ikulu kuzungumza na Mzee ndani ya mtu mwingine, kama walivyokuwa wakienda wenzake. Aliona wafu waachiwe Mungu. Lakini leo, kwa kuwa sheria imemfungulia mlango, alitaka amchungulie mara moja tu.

"Fumba macho," Mwinyihija alisema.

Akafumba. Akawa mrefu.

Viatu vya kiume vilimbana. Goti la kushoto lilimuuma, maumivu ya mtu aliyecheza mpira ujanani. Mbele kulikuwa na njia ya udongo mwekundu, kwaya, majoho meupe, jeneza mabegani. Alijiona anaitazama njia kwa macho yasiyo yake, akaanza kujisubiri. Hapa, penye mti wa msindano uliopinda, ndipo alipolala.

Njia ilikuwa tupu.

Wabebaji walisimama. Walisimama bila sababu, jeneza likiyumba. Watu wakainama wakautazama udongo mtupu, wakacheka. Kizee mmoja akaunyooshea udongo kidole, akajipiga mapaja. Kisha Mama Perpetua, mke wa marehemu, akajitokeza katika kundi la wafiwa, akafungua kaniki yake nyeusi ya msiba kiunoni, akaitupa mahali pasipo mtu. Jeneza likainuliwa, likapita.

Onorata aliing'oa kofia mwenyewe.

"Mama, taratibu! Nyuzi hizo!"

"Mimi niko wapi?"

"Uko hapa, mama. Kunywa maji."

"Niko wapi mle ndani? Nililala pale, nchi nzima iliniona. Watu wanacheka udongo! Nani kanifuta?"

Mwinyihija alifikicha macho. "Hakuna aliyekufuta, mama. Ni chujio. Tunapoonjesha, mashine huondoa chuki na matusi, yasimchafue mwonjaji. Ulitukana maiti. Mashine haijui utani. Kwake wewe ni adui, ikakutoa na sauti yako na mwili wako."

Onorata akacheka mpaka akashika mbavu. Kumbe! Mashine ya wasomi wote wale, na haikulelewa na shangazi hata mmoja. Alicheka, akanywa maji, akafuta midomo. Lakini mguu wake ulikuwa unapiga sakafu wenyewe.

"Basi nipe isiyochujwa."

"Haina haja, mama."

"Sheria inasemaje?"

Fundi aliitazama sakafu. "Sheria inakupa haki. Lakini Mheshimiwa alisisitiza chujio likazwe."

"Mheshimiwa atasisitiza uwanjani kesho. Leo mwonjaji ni mimi."

Safari ya pili alijiona. Mungu wangu, mnene hivi! Kitenge kimempanda magotini, kilemba kimelalia sikio, mdomo wazi kama kinu. "Wee Mngoni! Nani kakupa ruhusa ya kulala mchana?" Watu wakaangua kicheko. Yeye, ndani ya kichwa cha Rwezimula, akatega sikio. Sasa Mzee atajibu. Hata kama mdomo huu mgeni hautasema, humu ndani atajibu, nami nitamsikia.

Hakujibu mtu.

Wala haukuwa ukimya wa mtu aliyezidiwa na uchungu. Onorata aliufahamu ukimya ule kama anavyoufahamu mlango wa kwake. Ni ule wa nyumba yenye mtu mmoja. Unakohoa, hakuna wa kukwambia pole. Unaweka sahani, mlio wake unakwenda hadi ukutani na kurudi peke yake. Tangu azikwe mume wake ameishi humo. Hakuhitaji fundi wa kumweleza. Humu ndani alikuwamo Rwezimula, na hofu yake, na goti lake bovu. Hapakuwa na mwingine.

Alipovuliwa kofia alirudisha rozari mfukoni. Mwonjaji huapa kwamba hatamwambia mtu alichokiona katika kichwa cha mwenzake, na Onorata alikuwa ameapa juu ya Biblia.

"Mama, vipi?" Mwinyihija aliuliza.

"Nimeshiba," alisema, akatafuta viatu vyake.

*

Alipofika Ikulu mchana ule alimkuta Rais barazani, ameshakaa na mgeni. Ilikuwa Alhamisi, na kila Alhamisi Mama Perpetua Tawete huja kumwona mume wake.

Alikuwa amevaa gauni la maua makubwa ya njano, na nywele zimesukwa vizuri. Tangu aitupe ile kaniki mazikoni hakukaa matanga. Watu walipotaka kumnyoa na kumvika nyeusi tena aliwacheka. "Ujane gani? Baba Kizito amehamia nyumba nyingine, basi." Amebeba chupa ya togwa kutoka nyumbani, amemimina kwenye kikombe, anamtazama Rais akinywa.

"Mtani!" alimwita Onorata kwa furaha. "Njoo ukae. Namweleza Baba Kizito habari za yule ng'ombe wake. Amezaa pacha."

"Hongera, Mama Kizito," alisema Rais. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Umewapa majina?"

"Nakungoja wewe, mwenye ng'ombe."

"Wape wewe. Mimi umri umenifanya msahaulifu."

"Msahaulifu kweli," Mama Perpetua alimnong'oneza Onorata, akicheka. "Siku hizi hakumbuki hata wimbo alionitongozea. Lakini namsamehe. Ukikaa kwenye kichwa cha watu lazima ubanane."

Onorata aliitikia kwa kichwa tu. Alikuwa mjane kwa mjane mwenzake, na aliona kitu ambacho mtu mwenye mume asingekiona. Yule mama alikuwa anainama mbele kidogo kila Rais alipofungua mdomo, kama mtu anayetegea sikio redio yenye mawimbi mabaya. Alikuwa hajaacha kutafuta.

Mama Perpetua alipokwisha kuaga, Rais alibaki ameshika kikombe kitupu.

"Uliomba isiyochujwa," alisema.

"Niliomba."

"Basi unajua."

"Najua. Ninachotaka kujua ni kwa nini."

Rwezimula aliinuka, akaenda hadi kwenye nguzo ya baraza, akarudi, akaenda tena. Upepo ulikuwa unapiga mabati mahali fulani, bati moja lililolegea, pa, pa, pa.

"Walinifungia mle chumbani," alisema. "Mimi na Mzee, amekaa kwenye kigoda, anapumua. Mama Onorata, kile kitu kilikuwa kinapumua. Kofia ilikuwa mkononi. Nikajiuliza, nikishaivaa, atakayesali usiku atakuwa nani? Dhambi zake zitakuwa za nani? Mke wangu atalala na nani? Nilikaa. Kibuyu kikishafunguliwa hakivuki machweo. Nilikaa mpaka kikaacha kupumua. Nilipotoka, walikuwa wameshapiga magoti wote, wananiita kwa majina mawili. Nikanyamaza. Siku ya kwanza kunyamaza ni rahisi."

"Ungesema kesho yake."

"Kesho yake tulimzika, na siku iliyofuata wenye silaha wa ng'ambo mbili za mto, waliokuwa wakiuana kwa maji, walikuja kuziweka chini. Walizitua miguuni pangu kwa sababu aliyewaahidi maji na malisho alikuwa Mzee, na Mzee yuko hapa." Alijigonga kifua. "Ningewaambia hayupo? Wangeziokota palepale. Ahadi nimeitimiza, mama. Mimi, kwa mkono wangu. Maji wanakunywa."

Onorata alikaa akipitisha rozari. Hili ndilo lililomsumbua, kwamba hakuweza kumchukia. Uoga ule wa chumbani ulikuwa uoga wake mwenyewe. Tangu jina lake litajwe hajalala vizuri, anawaza siku atakapofungiwa na kibuyu cha mtu, na roho ambayo Mungu alimpa moja. Pengine yule mtu alikuwa sahihi kutoivaa ile kofia. Kosa lake lilianza alipofungua mlango akatoka.

"Kwa nini mimi?" aliuliza. "Kuna watu wengi."

"Kwa sababu wewe peke yako hukuwahi kuja kumwamkia." Alitabasamu kinyonge. "Nilidhani hutagundua. Na nilidhani, ukigundua, hutamvunja moyo mama wa watu."

Hapo ndipo alipomgusa penye kidonda. Onorata alimwona akilini Mama Perpetua na gauni lake la maua. Kumwambia ni kumuua Tawete mara ya pili. Kutomwambia ni kumwacha aendelee kumtafuta mtu nyumbani kwa mtu mwingine, Alhamisi hadi Alhamisi, mpaka afe. Na siku Rwezimula akifa, yeye Onorata ndiye atakayeletewa togwa. Naye ataulizwa, ng'ombe tuwaite nani.

"Mheshimiwa, nimeapa, sitamwambia mtu," alisema akisimama. "Lakini utani haujaapa. Kesho nitakutania jukwaani. Ukiwa na Mzee, mwache ajibu. Ukiwa huna, sema huna."

"Nitaandaa jibu. Nina vijana wanaoandika mizaha mizuri kuliko Mzee."

"Andaa. La kuvunda halina ubani, baba."

*

Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda ukuta. Bendera zilikuwa zinapigana na upepo, na kipaza sauti kilikuwa kinaubeba upepo huo na kuunguruma nao. Mama Perpetua alikaa safu ya mbele, na gauni jingine, la kijani.

Onorata alikuja na mkoba mkubwa kuliko alivyohitaji. Tangu alfajiri alikuwa amesali, akasimama, akakaa, akatandika kitanda ambacho kilikuwa kimeshatandikwa. Mara akaazimia kunyamaza, apokee wadhifa, awasaidie watu kimyakimya. Mara akaazimia kukataa kwa kisingizio cha moyo mbovu. Kisha akafungua sanduku, akaitoa ile kaniki aliyokombolewa nayo. Aliitunza bila kujua anaitunzia nini.

Rais alimtangaza. Uwanja ukalipuka. Ikawa zamu yake ya kusogea kwenye kipaza sauti, na badala ya kuwageukia watu akamgeukia Rais, mikono kiunoni, kilemba upande.

"Wee Mngoni!" alipaza sauti. "Nani kakupa ruhusa ya kulala mchana?"

Kicheko kilipita uwanjani kama mvua juu ya mabati. Watu walikuwa wameukosa utani ule miaka. "Mjibu!" walipiga kelele. "Mjibu, Mzee! Mhehe huyo, mjibu!"

Rwezimula alikuwa na jibu. Onorata aliliona, karatasi ndogo ndani ya kiganja. Alifungua mdomo. Na kabla neno halijatoka, macho yake yalishuka safu ya mbele, yakamkuta Mama Perpetua.

Mama alikuwa ameinama mbele. Mikono ameikusanya kifuani, midomo imeachana, uso wote umekuwa sikio. Alikuwa akingoja sauti anayoijua.

Karatasi ilianguka, upepo ukaichukua.

"Hayupo," alisema Rwezimula.

Watu wachache walicheka, wakidhani ndilo jibu.

"Mzee hayupo, mtani. Hajawahi kuwepo. Sikuivaa kofia. Maji ya ng'ambo mbili ni yangu, na uongo ni wangu. Mnaweza kunihukumu kwa vyote viwili."

Sasa hakucheka mtu. Zilisikika bendera tu. Mwanamume mmoja ukutani alianza kuzomea, akanyamaza mwenyewe. Wale wa ng'ambo mbili za mto walitazamana, mmoja akainuka, mwenzake akamvuta shati, akakaa tena, akainuka tena. Onorata hakungoja aone watakavyoamua. Alishuka ngazi za jukwaa, mkoba kifuani, akaenda hadi safu ya mbele.

"Mama Kizito," alisema, akiitoa kaniki. "Siku ile ulinikomboa kwa kitu ambacho hakikuwa haki yangu. Nakurudishia."

Mama Perpetua aliitazama ile nguo. Hakulia.

"Alikufa lini?" aliuliza.

"Siku ileile, mama. Tulipomzika alikuwa ameshakufa kweli."

"Basi nimechelewa." Aliipokea kaniki, akaizungusha kiunoni juu ya lile gauni la kijani, lakini fundo likamshinda. Onorata akamfunga. Kisha Mama Perpetua akakaa chini, juu ya majani, miguu ameinyoosha kama wafiwa wakaavyo, na kilio kilichokuwa kimengoja miaka kikatoka.

Onorata akakaa naye, bega kwa bega. Nyuma yao wanawake wakaanza kuacha viti vyao, mmoja, wawili, kundi, wakishuka majanini wakinyoosha miguu. Jukwaani Rwezimula alibaki amesimama peke yake, na kando yake kiti cha mgombea mwenza hakina mtu.

Kilio kilipopungua kidogo, Mama Perpetua alimgusa goti. Macho yalikuwa mekundu.

"Mtani," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Mbona umenyamaza? Hii ndiyo kazi yako."

Onorata alilitazama anga, akamwomba Mungu msamaha mapema, kisha akavuta pumzi, akapaza sauti uwanja mzima usikie.

"Wangoni hawa! Hata kufa, wanachelewa!"

Na mjane, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, akaangua kicheko.